Damu ya Yotham wa Zuzu

Dar es Salaam
11 Machi 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Zuzu, wewe na baba, na Stanley na Penina kama wamekwisha kurudi likizo kutoka shule ya viziwi. Mimi ni mzima. Masomo ya maabara yanaendelea, ila joto la huku ndilo linalonishinda.

Barua hii isome mwenyewe, tena faraghani. Baba akiwa karibu, ifiche kwanza.

Mama, unawakumbuka wale watafiti waliokuja zahanati mwaka tisini na nne, wakatoa damu za familia zenye watoto wasiosikia? Waliahidi kurudi na majibu, hawakurudi, tukasahau. Sasa mwalimu wetu ametufundisha kwamba yapo maghala makubwa ya kompyuta, huko Ulaya na Marekani, ambamo wataalamu wanahifadhi habari za jeni na protini za binadamu. Mtu yeyote mwenye intaneti anaingia na kusoma bure. Jeni ni ule urithi uliomo ndani ya damu, ambao mtoto anauchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Tulipewa zoezi la kutafuta jeni moja inayoleta uziwi. Nikaenda kwenye kafe ya intaneti, nikatafuta, na nilichokikuta ni sisi.

Majina hawakuandika. Lakini wameandika familia ya Wagogo, kijiji cha reli magharibi ya Dodoma, baba mfanyakazi wa reli, binti mkubwa anayesikia, na mapacha wasiosikia, wa kiume na wa kike. Zuzu nzima mapacha hao ni akina nani kama si Stanley na Penina? Wanasema mtoto hazaliwi kiziwi wa namna hiyo mpaka airithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Kwa mama wameikuta. Halafu chini wameongeza maelezo: anayetajwa kuwa baba hana kasoro hiyo, na vipimo vingine vimeonyesha kuwa si mzazi wa mtoto hata mmoja kati ya wale watatu.

Nimerudia kusoma mpaka mwenye kafe akaniuliza kama naumwa. Mwalimu anasema damu haisemi uongo. Mama, mimi sikuhukumu, nakuomba uniambie tu. Baba yetu ni nani?

Mwanao,
Zipora

*

Zuzu
24 Machi 2001

Zipora,

Marahaba.

Nilikuzaa katika nyumba hii. Bibi yako mzaa baba ndiye aliyekupokea, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba umekuja na paji la uso la mwanawe. Leo unaniuliza baba yako ni nani, kwa sababu umesoma kwenye kioo cha kompyuta. Unasema hunihukumu. Umekwisha kunihukumu, umebakiza kunifunga.

Nawakumbuka sana watu hao. Nilikaa kwenye benchi la zahanati na pacha mmoja kila goti. Walinichoma mimi, wakawachoma watoto, nami nikawashukuru, maana walisema wataniambia kwa nini wanangu hawanisikii nikiwaita. Unajua watu walivyosema kijijini. Wapo waliosema nililogwa, wapo waliosema nilikula mwiko nikiwa mjamzito, na shangazi yako hadi leo anadai ni laana ya kwetu. Nikayameza yote nikingoja majibu. Kumbe majibu yalitoka zamani! Wamepewa Wazungu, wamepewa wanafunzi, wamepewa kila mwenye kompyuta, isipokuwa mwenye watoto. Na juu ya majibu wakaweka tusi.

Sikiliza, binti yangu. Mimi najijua, sijalala na mwanamume mwingine tangu nilipoletwa nyumba hii. Kama damu haisemi uongo, basi yuko mtu aliyesema uongo, na mtu huyo si mimi. Jana nilimwuliza baba yako, bila kumwambia sababu, kama kweli siku ile naye alitoa damu. Wanaume waliingizwa chumba cha nyuma, sikuwaona. Akacheka, akaanza tena ile hadithi yake ya sindano ndefu kama mwiko wa ugali. Nikamwuliza mara ya pili. Akakasirika, na macho yake hayakutua usoni kwangu.

Kesho nakwenda kwa kaka yangu Mkonze. Nitakaa huko mpaka anayedanganya achoke. Baba yako sijamwambia lolote kuhusu barua yako, nawe usimwambie. Tena wewe usithubutu kuja Mkonze.

Mimi mama yako, jambo ambalo angalau halijabishiwa,
Loisi

*

Zuzu
4 Aprili 2001

Mwanangu Zipora,

Salamu nyingi. Kwangu si kwema.

Mama yako amefunga mzigo amekwenda Mkonze. Hakuna ugomvi, hakuna msiba. Nimemtuma mchungaji, karudi kichwa chini, anasema hata mkewe, mama mchungaji, amenyimwa sababu. Majirani wanapita uani kwangu wakijifanya wanatafuta kuku. Watoto wanaiuliza mikono yangu habari za mama yao, nami nawaonyesha njia ya Mkonze tu. Mlenda nilioupika juzi, hata mbuzi waliunusa wakaondoka.

Tangu shirika la reli lilipotupunguza kazi, nimezoea kuonekana mtu bure. Lakini kuachwa na mke bila kosa, hilo sikulizoea. Najua barua yako ilifika, maana niliuona muhuri wa Dar. Muda si mrefu baada ya hapo akaniuliza habari za kale, za damu waliyotutoa zahanati. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watu siku zote. Niliwatangulia wanaume wote. Nilinyoosha mkono, nikamwambia muuguzi, chota mama, hii ni damu ya mtu wa reli. Wakajaza chupa, nami nikasimama nikaenda zangu kazini kukaza misumari ya reli. Hilo lina ubaya gani? Kama huamini, muulize mtani wangu Seleman wa dukani, alikuwepo.

Umemwandikia nini mama yako? Nijibu upesi, na usinifiche. Mimi ndiye baba yako.

Yotham

*

Dar es Salaam
14 Aprili 2001

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Mama alinikataza nisikwambie, lakini naona ukimya ndio unaotuangusha sote. Ghala moja la kompyuta huko ng'ambo limehifadhi habari za damu yetu ya mwaka tisini na nne. Limeandika kwamba wewe si baba yangu, wala si baba wa Stanley na Penina. Nami, Mungu anisamehe, nilimwandikia mama kumwuliza baba yetu ni nani. Ndiyo sababu yupo Mkonze.

Nimemwandikia kwa intaneti mtafiti aliyeweka habari hizo, nikamweleza mimi ndiye yule binti mkubwa. Ametoa jibu la mistari miwili. Vipimo vilirudiwa na havina shaka, na kwa kulinda siri za familia husika hawezi kuijadili na watu wa nje. Baba, nilisoma hayo nikasimama katikati ya kafe nikapiga kelele. Mtu wa nje! Damu yangu imo ndani ya friji yake.

Mama anasema hana mwanamume mwingine, na sasa namwamini. Ila amesema jambo ambalo siwezi kulitoa kichwani, kwamba ulipomjibu hukumtazama. Naomba radhi kwa swali hili, mtoto hamwulizi baba yake hivi. Ile damu iliyochotwa kwa jina la Yotham, ilichotwa kwenye mkono wako?

Mwanao,
Zipora

*

Zuzu
22 Aprili 2001

Kwa binti yangu Zipora,

Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo chenu! Ni mimi Seleman wa dukani. Baba yako ameishika barua yako siku mbili, hali chakula, kisha akaja kwangu akaniambia, mtani, niandikie. Nikamwambia wewe Mgogo, hata kalamu unaiogopa?

Kwanza nikupe habari njema. Ghala la Wazungu linasema mwenye ile damu si baba yako. Ni kweli kabisa, alhamdulillahi, maana mwenye ile damu ni mimi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa wanaume wengi chumba cha nyuma, wengine wenye watoto, wengine kama mimi tumekwenda kusindikiza na kuchekesha. Muuguzi mgeni alipotoa sindano, mtani wangu akageuka rangi. Mtu huyu nimemwona akimuua nyoka kwa kisigino, lakini sindano hawezi. Akaniangalia tu. Wewe unajua mambo yetu. Tangu babu zenu wakae kwenye visima vyao wakiwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, babu zangu waliopita na misafara kutoka Unyamwezi, sisi ni watani. Msibani kwenu mimi ndiye ninayeingia kaburini nikidai halinitoshi. Pakiwa na jambo zito, mtani analichukua na kuligeuza kicheko. Basi lilipoitwa jina la Yotham, nikasema nipo, nikaketi, nikakunja mkono wa shati. Wanaume wote wakaangua kicheko. Muuguzi naye akacheka, hakujua anachochekea. Baba yako akatokea mlango wa nyuma akiwa ameshika pamba mkononi, akaenda zake.

Hakuna aliyeona kosa. Tulijua damu ni ya kupima malaria na minyoo, na minyoo haina kabila. Nani alitwambia kwamba damu itasafiri, itakaa kwenye ghala, na siku moja itatoa ushahidi juu ya ndoa ya watu? Nina hasira, binti yangu. Nina hasira na wale waliochota bila kueleza. Nina hasira na mtani wangu, aliyemwacha mkewe aondoke huku akijua siku ile hakuchomwa, kwa sababu tu miaka yote ameringa kwamba alichomwa. Anasema hakujua mambo hayo mawili yanahusiana mpaka alipoisoma barua yako. Hilo namwamini. Lakini alijua amemdanganya.

Jana nilikwenda Mkonze kwa niaba yake. Nilianza kwa utani, kama desturi. Mama yako akanisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, kisha akanipa karatasi nimpelekee mumewe, akafunga mlango. Baba yako amesema niinakili hapa chini, uone hali ilivyo.

"Yotham. Siku ile ulimtuma mtani akakaa mahali pako, nami nikaandikwa mzinzi mbele ya dunia. Leo umemtuma tena. Watani ni wa vilio na vicheko, mimi si kilio wala kicheko. Njoo mwenyewe, useme mwenyewe, mbele ya kaka yangu na wazee wake. Ukishindwa, usije. Loisi."

Mtani wenu wa Kinyamwezi, mpagazi wa damu za watu,
Seleman

*

Zuzu
10 Mei 2001

Mwanangu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Nilikwenda. Mjomba wako alikuwa ameweka viti uani, na wazee wa kanisa lao wamekaa. Seleman alinisindikiza mpaka kwenye uzio, mama yako akamwambia abaki hapohapo. Nikasimama. Nikasema niliogopa sindano, nikamwacha mtu mwingine akae mahali pangu, kisha nikamdanganya mke wangu miaka yote, na aliponiuliza nikamdanganya tena. Mzee mmoja akacheka. Mama yako akamtazama, akaacha.

Akasema maneno hayo ni mazuri lakini ni maneno, na yeye amesingiziwa kwa damu. Akasema damu ndiyo itakayomtoa. Kwa hiyo nilikwenda hospitali mjini pamoja naye, na mapacha, na yule mwalimu wako uliyemwomba, aliyeshuka kwa treni na damu yako ili zote zikapimwe upya, Mungu ambariki. Sitakuficha. Nilifumba macho, nikaanguka kabla sindano haijafika. Nilipozinduka mama yako alikuwa amekishika kichwa changu, anacheka mpaka machozi, na pamba tayari ipo mkononi mwangu. Safari hii ni ya haki.

Amerudi nyumbani, tunakula. Lakini ameniambia deni langu, la kumdanganya, limepungua, halijaisha. Nilipomwuliza kuhusu wewe, alikwenda jikoni.

Baba yako,
Yotham

*

Dar es Salaam
28 Juni 2001

Mama,

Shikamoo. Ulinikataza kuja Mkonze, hukunikataza kuandika Zuzu.

Majibu yamefika kutoka kwa rafiki wa mwalimu mwenye maabara Nairobi, aliyepelekewa damu zetu. Baba anayo ileile kasoro uliyo nayo wewe. Ninyi wawili mnasikia vizuri kwa sababu kila mmoja anayo nusu. Stanley na Penina walipata nusu zote mbili. Mimi ni mtoto wa baba, nao ni watoto wa baba. Si uchawi, si mwiko, wala si laana ya kwenu. Mwonyeshe shangazi karatasi hii.

Nikayatuma majibu hayo kwa wenye ghala pamoja na maelezo yote ya siku ile. Jana nimeingia kutazama, nikakuta familia yetu imeondolewa. Imeandikwa kwamba habari hizo zimefutwa kwa sababu ya hitilafu ya sampuli. Basi. Wewe hukutajwa, wala hakuna samahani. Nimewaandikia tena, wamejibu kwamba suala hili limefungwa na wananishukuru kwa ushirikiano.

Mama, wao hawakukujua. Mimi nilikujua. Nilinyonya kwako, nimekuona ukijifunza lugha ya mikono ukubwani ili uzungumze na wadogo zangu, halafu nikasoma mistari michache ya watu wasiowahi kukuona nikawaamini wao. Nilijiona msomi. Sina la kujitetea. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiniache bila jibu.

Likizo inaanza wiki ijayo.

Zipora

*

Zuzu
15 Julai 2001

Kwa wenye ghala la jeni,

Mimi ni Loisi, yule mama wa mapacha. Hamkuniandika jina, na nimeambiwa mlifanya hivyo kwa kuniheshimu. Heshima gani hiyo, kunificha jina na kunianika kitanda? Kila mtu wa hapa anayesoma maelezo yenu anajua ni mimi. Binti yangu mwenyewe alijua.

Siku ile mume wangu Yotham hakutoa damu. Aliogopa, akakaa mtani wake. Hilo ni kosa letu, na aliyelitenda amesimama mbele ya wazee akalisema kwa kinywa chake. Sasa nataja la kwenu. Mlipoona damu haipatani, mngeweza kufikiri kwamba labda chupa zimekosewa. Mngeweza kufikiri kwamba labda hatukuelewana na watu wale. Mkaona rahisi zaidi mimi kuwa malaya. Hamkurudi kuuliza, na Zuzu si mbali, treni inasimama. Mliweza kurudi kuchukua damu ya familia nyingine, tuliwaona mkipita.

Mnasema mmefuta. Kwetu mtu akikutukana sokoni, harudi gizani kuyaokota maneno yake. Anarudi sokoni watu wakiwepo, anasema palepale alipotukana. Waliosoma mmewafuta nao? Miaka yote hiyo wamesoma kwamba mwanamke wa Kigogo wa kijiji cha reli alizaa watoto wote nje ya ndoa, na wengine labda wamefundishia wanafunzi. Hao nani atawafuata kuwaambia?

Sitaki mtufute. Watoto wangu ni watu, na kwa nini hawasikii ni jambo la kweli, linaweza kumfaa mama mwingine anayeambiwa amelogwa. Turudisheni. Wekeni damu ya kweli ya Yotham, na palepale mlipoandika lile tusi mwandike hivi: Loisi wa Zuzu, mke wa Yotham, amezaa watoto wake watatu na mumewe. Tulimsingizia bila kumwuliza. Andikeni jina langu lote, herufi zote. Msinifiche tena.

Na majibu yenu msiyatie kwenye kompyuta tu. Yaleteni na kwa posta, kwa Kiswahili, nami nitayasoma kanisani.

Haya ni maneno yangu, na chini yake yameandikwa kwa Kiingereza na binti yangu Zipora. Kila sentensi nilimfanya anisomee tena kwa Kiswahili. Alipotaka kulilainisha lile neno la malaya nilimzuia, kwa sababu ninyi hamkunilainishia. Yeye naye aliwahi kuwaamini ninyi kuliko mimi. Amelia hapa mezani mbele yangu. Nikamwacha alie, kisha nikamwambia ashike kalamu aendelee.

Loisi